Oili ya giaboksi otomatiki isiyo na dipstiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gari halina dipstiki ya giaboksi. Kitabu chake kinasema oili haibadilishwi. Fundi mmoja anasema imwagwe leo, mwingine anaapa kwamba ukiigusa tu giaboksi itakufa. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi kila mara kutoka kwa watu waliokwama katikati ya kauli hizo. Msimamo wangu nautanguliza: oili hiyo huchakaa, inafaa kubadilishwa kabla ya dalili kuanza, na kazi yenyewe haihitaji miujiza, inahitaji utaratibu.

## Mambo ya msingi

Giaboksi "iliyofungwa" imefungwa kweli?

Hapana. Kilichoondolewa ni dipstiki tu, ile fimbo ambayo dereva aliweza kuichomoa mwenyewe. Tundu la kujazia bado lipo, limezibwa kwa boliti. Chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili, kuna boliti ya kumwagia, ya kupimia, au moja inayofanya kazi zote mbili. Juu kabisa kuna tundu dogo la kupumulia: oili ikipata moto hutanuka na kusukuma hewa nje, ikipoa hewa hurudi ndani. Kitu kinachopumua hakijafungwa.

Watengenezaji walikuwa na sababu zao za kuondoa dipstiki. Watu walipima oili ikiwa baridi, wakaiona imepungua, wakaongeza. Ikipata moto ikawa imezidi. Wengine walimimina oili isiyofaa kwenye tundu lile lile. Dipstiki ilipoondoka, makosa hayo yalipungua. Bahati mbaya, watu wengi walielewa kwamba oili nayo imekuwa ya milele.

ATF, yaani oili ya giaboksi otomatiki, inafanya kazi gani hasa?

Kwenye giaboksi ya manyuo, oili hulainisha meno ya gia na beringi, basi. Kwenye otomatiki, ATF ndiyo inayobeba nguvu ya injini ndani ya torki konveta (chombo kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili), ndiyo inayokuwa presha ya kubana klachi ili gia iingie, ndiyo inayochukua joto kulipeleka kwenye kipoozi, na ndiyo inayoamua klachi ishike kwa ulaini au kwa kishindo.

Kazi hiyo ya mwisho husahaulika. Klachi za ndani hushikana zikiwa zimelowa oili, kwa hiyo oili lazima iwe na viambato vya kupanga msuguano: usiwe mdogo mno zikateleza, wala usibadilike ghafla zikatetemeka. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi hiyo ilifanywa na mafuta ya nyangumi yaliyochanganywa ndani ya ATF. Marekani ilipoyapiga marufuku, watengenezaji walilazimika kutafuta viambato vingine, na tangu hapo fomula zimeachana kila moja na njia yake. Ndiyo maana aina ya ATF si jambo la kubahatisha (angalia swali la ATF ya "magari yote").

Kama haiungui kama oili ya injini, inachakaaje?

Kwa joto kwanza. Kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya oili kuoza kwa oksijeni huongezeka takribani maradufu. Giaboksi inayofanya kazi kwenye nyuzi 110 badala ya 80 haichakazi oili yake zaidi kidogo. Inaichakaza mara nane.

Halafu kuna vumbi la klachi na unga wa chuma vinavyobaki ndani miaka yote, viambato vya msuguano vinavyokwisha taratibu, na molekuli ndefu za kushikilia uzito wa oili ambazo hukatwakatwa na meno ya gia na pampu mpaka oili inakuwa nyepesi kuliko ilivyotakiwa.

Joto jingi huzaliwa kwenye torki konveta kabla haijajifunga, yaani wakati injini inazunguka kwa kasi kuliko giaboksi. Hiyo ndiyo hali ya foleni, ya kupanda mlima mrefu, ya kuvuta trela na ya kuhangaika kwenye mchanga. Magari mawili yenye kilomita sawa yanaweza kuwa na oili za hali tofauti kabisa.

Kitabu kinasema oili ni ya "maisha yote". Je, mtengenezaji anadanganya?

Hadanganyi, ila hasemi maisha ya nani. Kwa mtengenezaji, maisha ya gari ni kipindi alichokipanga kwa matumizi ya kawaida. Kwa mmiliki wa tatu, gari la kilomita 180,000 bado lina safari ndefu.

Mfano mzuri ni kampuni ya ZF ya Ujerumani, inayotengeneza giaboksi za 6HP na 8HP. BMW ilizifunga kwenye magari yake na kuita oili ile ya maisha yote. ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka 8, kulingana na gari linavyotumika. Mercedes-Benz walifanya safari kama hiyo: giaboksi yao ya 722.6, iliyoanza mwaka 1996, ilitoka ikiwa na oili isiyobadilishwa, kisha baadaye ratiba ikaweka badiliko kwenye kilomita 60,000. Na ratiba za Toyota za soko la Marekani, kwa magari mengi yanayotumia ATF ya WS, hazitaji kubadilisha kwa matumizi ya kawaida lakini zinataka ibadilishwe kwenye maili 60,000, karibu kilomita 96,000, kwa gari linalovuta trela au kubeba mizigo mizito. Kama ingekuwa ya milele, mzigo usingebadilisha hesabu.

## Kupima kiwango

Nitapimaje bila dipstiki?

Kwa giaboksi nyingi za aina hii, kiwango hupimwa kwa oili kufurika. Gari linanyanyuliwa likiwa limelala sawasawa, mbele na nyuma kimo kimoja; ukinyanyua upande mmoja tu kwa jeki, kipimo ni cha uongo. Injini inawashwa, mguu kwenye breki, gia inapitishwa kuanzia P hadi mwisho na kurudi, ikitulia kidogo kila mahali ili oili ijaze njia zote. Kisha unasubiri joto la oili lifike kwenye nyuzi zilizowekwa na mtengenezaji. Hapo ndipo boliti ya kupimia inafunguliwa, injini ikiendelea kunguruma.

Ikitoka kwa mkondo, imezidi. Iache itoke mpaka iwe uzi mwembamba unaokatika na kuwa matone, kisha funga. Isipotoka chochote, imepungua. Ongeza kupitia tundu la juu mpaka ianze kufurika. Ukifungua injini ikiwa imezimwa itamwagika nyingi, kwa sababu oili iliyokuwa kwenye torki konveta na mabomba imeanza kurudi kwenye sampu. Zipo giaboksi ambazo mtengenezaji anataka zipimwe injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo utaratibu wa giaboksi yako ndio wa kufuata.

Ile 722.6 ya Mercedes ni tofauti: bomba la dipstiki lipo, lina kifuniko kilichofungwa, na fimbo yake ni kifaa cha gereji kinachosomwa oili ikiwa nyuzi 80.

Kwa nini joto linatiliwa mkazo hivyo?

Lita 9 za ATF zikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 80 huongezeka takribani lita 0.4. Ukipima ikiwa baridi ukafunga, ikipata moto imezidi. Ukipima ikiwa ya moto sana, utaimwaga iliyokuwa inahitajika. Giaboksi nyingi za ZF hupimwa kati ya nyuzi 30 na 50, nyingi za Toyota karibu na 40. Dirisha hilo ni dogo na hupita haraka, hivyo vifaa viwe mkononi kabla ya kuwasha injini.

Oili ikipungua, pampu hunyonya hewa na gia huchelewa kuingia. Ikizidi, gia zinazozunguka huipiga ikawa povu, na povu halibani klachi. Makosa yote mawili huishia kwenye kuteleza.

Sina mashine ya kusoma joto. Kuna njia nyingine?

Toyota nyingi zinazotumia WS zina njia yake. Kwenye soketi ya kusomea hitilafu chini ya usukani, pini ya 4 na ya 13 huunganishwa kwa waya mfupi, injini inawashwa, kisha gia inachezeshwa kati ya N na D kwa sekunde kadhaa mpaka taa ya D iwake sekunde mbili. Unarudisha P na kutoa waya. Kuanzia hapo taa ya D inakueleza: imezima, oili bado baridi, imewaka, joto ni sahihi, inapepesa, joto limepita. Hakikisha pini kabla ya kugusa, maana ya 16 ina umeme wa betri muda wote.

Kwa magari mengine, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi hiyo pamoja na programu ya simu inayoweza kusoma joto la giaboksi kinatosha. Kipimajoto cha miale kinachoelekezwa kwenye sampu ni bora kuliko kukisia kwa mkono, ingawa kinasoma chuma, si oili.

Nipime mara ngapi?

Kama hakuna uvujaji, hakuna haja ya kupima. Tofauti na oili ya injini, ATF haina pa kwenda. Kila unapomwaga oili ya injini, mwambie fundi amulike sampu ya giaboksi, sili za ekseli na mabomba ya kipoozi. Palipolowa ndipo pa kuanzia.

## Kubadilisha

Nibadilishe baada ya kilomita ngapi?

Kama kitabu kinatoa namba, ifuate. Kama kinasema maisha yote, mimi nachukua kilomita 80,000 hadi 100,000 kwa gari la safari ndefu tambarare, na 50,000 hadi 60,000 kwa gari la foleni, milima, mizigo au biashara ya abiria. Gari linalotembea kidogo nalo lisiachwe zaidi ya miaka 8.

Boliti ipi inafunguliwa kwanza?

Ya kujazia. Daima. Boliti hiyo mara nyingi imekaa miaka bila kuguswa, na kwenye baadhi ya magari imejificha pembeni ambako ufunguo hauingii vizuri. Ukishamwaga oili ndipo ugundue kwamba haifunguki, gari haliwezi kuondoka hapo. Ikikataa kufunguka kabla hujamwaga, hujapoteza kitu.

Kwa nini imetoka lita 3.5 tu wakati kitabu kinasema 9?

Kwa sababu iliyobaki iko kwenye torki konveta, kwenye kipoozi na kwenye njia za ndani. Pima iliyotoka, na urudishe kiasi hicho hicho kabla ya kwenda kwenye kipimo cha joto.

Kwa mfano huo wa lita 3.5 kati ya 9, ukimwaga mara moja unapata takribani asilimia 39 ya oili mpya. Mara ya pili, asilimia 63. Ya tatu, asilimia 77. Nafasi kati ya badiliko moja na jingine iwe ya kuendesha gari siku kadhaa, ili ya zamani ichanganyike na mpya. Kwa gari lililotunzwa, mara moja kila kipindi inatosha.

Si bora kuisafisha yote kwa mashine?

Kuna mashine za namna mbili. Moja huunganishwa kwenye mabomba ya kipoozi na kuacha pampu ya giaboksi yenyewe isukume ya zamani nje huku mpya ikiingia. Hiyo ni salama ikifanywa na mtu makini. Nyingine husukuma kwa presha yake, pengine na dawa ya kusafishia. Hiyo siipendekezi, na kwa giaboksi yenye umri ninaipinga. Vumbi lililotulia miaka kumi likibanduliwa kwa mkupuo huenda kukwama kwenye vali nyembamba.

Filta nayo ibadilishwe?

Inategemea. Zipo zenye wavu wa chuma ambao huoshwa, na zipo zenye kitambaa kinachoziba. Kwenye 6HP na 8HP nyingi, sampu ni ya plastiki na filta imo humo humo, hivyo hubadilishwa vyote pamoja na boliti zake. Kufungua sampu kuna faida moja kubwa: unaona sumaku. Utelezi wa kijivu kama tope laini ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida, na hapo kazi si ya oili tena.

Naweza kutumia ATF ya "magari yote"?

Soma nyuma ya chupa. Kinachohitajika ni jina la viwango vya mtengenezaji wa gari lako. Toyota WS na Dexron VI ya General Motors, iliyotoka mwaka 2005, ni nyepesi kuliko Dexron III, na giaboksi imepangiwa uzito huo. ATF ya kampuni nyingine iliyotengenezwa kufikia viwango hivyo hufanya kazi vizuri. Inayodai kufaa kila kitu, pamoja na CVT (giaboksi ya mkanda na puli), siiweki.

Oili imebadilika rangi. Imekufa?

Rangi pekee haitoshi. Si kila ATF huanza ikiwa nyekundu. Nyingine ni za manjano au kijani tangu kwenye chupa. Nyekundu iliyogeuka kahawia imezeeka tu. Inuse: harufu ya kuungua pamoja na weusi ina maana klachi zimeanza kuungua.

## Giaboksi yenye umri au dalili

Ina kilomita 250,000 na haijawahi kubadilishwa. Ni kweli nikibadilisha itakufa?

Hofu hii imetokana na jambo ambalo watu waliliona kweli. Giaboksi inaanza kuteleza, mwenye gari anakimbilia kubadilisha oili, wiki mbili baadaye inagoma, na lawama inaiangukia oili mpya. Ilikuwa inakufa tayari. Inawezekana pia kwamba vumbi la klachi lililokuwa linaelea lilisaidia klachi zilizokwisha kushikana kidogo, na lilipoondoka ukweli ukaonekana.

Kwa hiyo jaribu gari kwanza. Kama gia zinaingia kwa wakati, haitelezi mlimani, na oili inanuka kawaida, imwage mara moja kwa njia ya kawaida, endesha, kisha rudia. Kama inateleza na oili ni nyeusi yenye harufu ya kuungua, usitegemee oili ikuponyee klachi. Mwambie mwenye gari ukweli huo kabla ya kufungua boliti hata moja.

Kuna dalili ambazo oili mpya huponya?

Ipo moja ninayoiamini: mtetemo mfupi ukiwa kwenye mwendo wa wastani na mguu mwepesi, kama tairi zimepita kwenye matuta madogo madogo. Mara nyingi hiyo ni klachi ya torki konveta inayoshika na kuachia kwa sababu viambato vya msuguano vimekwisha. General Motors walikuwa na tatizo la namna hiyo kwenye giaboksi zao za gia 8, 8L45 na 8L90, na tiba waliyowaelekeza mafundi ilikuwa kuitoa oili yote na kuweka ya fomula nyingine.

Nimebadilisha, sasa gia zinapiga. Nini kimetokea?

Anza na kiwango. Upime upya kwa joto sahihi. Kikiwa sawa, kumbuka kwamba kompyuta ya giaboksi ilijifunza kubana klachi kwa oili ya zamani. Nyingi hujirekebisha zikiendeshwa kwa utulivu kwa siku chache, nyingine zinahitaji kufutwa mafunzo kwa mashine. Mwisho, hakikisha ATF iliyowekwa ni yenyewe.

## Hali zisizo za kawaida

Haya yote yanahusu CVT, DSG na haibridi?

CVT: ndiyo, na kwa ukali zaidi. Mkanda wake wa chuma hushikwa na puli kwa msuguano unaotegemea oili yake maalumu, na ATF ya kawaida humo huharibu.

DSG, yaani giaboksi ya Volkswagen yenye klachi mbili, ya gia 6 na klachi za oili, ile iliyoanza mwaka 2003, ina ratiba ya wazi ya kilomita 60,000. Isirukwe.

Haibridi za Toyota hazina klachi za kubadilisha gia, na nyingi hutumia WS, lakini oili hiyo hupooza pia mota za umeme. Kupima ni rahisi zaidi: injini imezimwa, boliti ya pembeni inafunguliwa, oili iwe karibu na ukingo wa chini wa tundu.

Oili imekuwa kama maziwa ya rangi ya waridi.

Ni maji. Pengine kipoozi kilicho ndani ya rejeta kimetoboka, au gari lilipita kwenye maji yaliyofika kwenye tundu la kupumulia. Usiliendeshe. Maji ya rejeta hulainisha gundi inayoshikilia kitambaa cha klachi, na kila kilomita inaongeza hasara. Chanzo kizibwe kwanza, kisha oili imwagwe mara kadhaa mpaka itoke safi. Kama gari lilitembea siku nyingi katika hali hiyo, tarajia kufungua giaboksi.

Nilipeleka gari kumwaga oili ya injini. Limerudi, giaboksi haivuti na injini inatoa moshi.

Hili hutokea kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu boliti ya giaboksi na ya injini hukaa jirani na hufanana. Aliyefanya kazi alimwaga ATF akidhani ni oili ya injini, kisha akajaza oili mpya juu ya ile ya zamani. Giaboksi iko karibu kavu na injini imezidishwa.

Zima hapo hapo, gari libebwe, lisiburuzwe. Vuta dipstiki ya injini: ikisoma juu sana ya alama ya mwisho, umepata jibu. Oili yote ya injini imwagwe na kuwekwa upya, giaboksi ijazwe na kupimwa kwa joto kama ilivyoelezwa kwenye swali la kupima, kisha sampu ifunguliwe kuangalia sumaku. Gari lililotembea kutoka gereji hadi getini mara nyingi hupona. Lililoenda kilomita kadhaa likiteleza, andika tarehe, kilomita na hali ya oili iliyotoka, na piga picha kabla mtu yeyote hajasafisha kitu.